Mchanga wa Kaka Yako

6 Agosti

Wifi yangu wa mbali,

Pokea salamu kabla hujaanza kulalamika kwamba sikuandikii. Huku tu wazima. Tunakula, tunalala, tunagombana kidogo ili siku zisifanane. Binti yangu Kinanda ameng'oka meno mawili ya mbele na hilo halijampunguzia maneno hata moja. Anasema shangazi yake akija atamletea viatu vyenye kisigino. Usiniulize nani kamwahidi, mimi si msemaji wake. Mimi na cherehani yangu bado tunavumiliana, na huu ni msimu wa sare za shule, kwa hiyo nikifumba macho naona kola tu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, yule anayejua habari za kila mtu, na ndiyo maana nimeifunga bahasha kwa gundi ya viatu. Simu zisahau. Mnara umesimama majini tangu Aprili na juu yake ndege wamejenga viota.

Uliniuliza maji yamefika wapi. Wifi, hayajarudi nyuma. Ukishuka Mtaa wa Posta asubuhi unafika mahali lami inaingia ziwani polepole, na unaiona inaendelea chini ya maji na ule mstari wake mweupe wa katikati bado mweupe. Samaki wadogo wanaufuata. Nguzo za taa zimesimama kama kawaida, na yungiyungi limetoa ua kwenye dirisha la kununulia stempu. Kwenye ngazi za zahanati mamba wanaota jua midomo wazi, wametulia kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Kila mtu anasema wameongezeka. Wewe ndiye uliyeajiriwa kuwahesabu, utuambie wewe. Nyumba yetu imebaki paa tu, na mimi upande ule sipiti.

Sasa lililonifanya niandike. Unaukumbuka mchanga alioagiza kaka yako, lori likashindwa kupanda kilima likaumwaga pale chini lami inapoishia, hatua chache kutoka dukani kwangu? Mwezi ujao unatimia mwaka tangu mamba amchukue kaka yako, na mimi na Kinanda bado tunapanga chumba hiki nyuma ya duka la cherehani. Mwenye chumba anakitaka kabla ya mvua kubwa. Tofali ninazo, saruji ninayo, na mchanga ni huo huo aliouacha yeye. Basi juzi nimeamka nakuta mtu ameuchimba ubavuni usiku. Mwizi, nikasema. Lakini ni mwizi gani huyu, wifi? Amechimba shimo, halafu akalifukia, akalipigapiga likawa laini kuliko pande nyingine. Na hakuna alama ya toroli, ila mburuzo kama wa gunia, unaotoka majini na kurudi majini.

Nimeufunika kwa turubai. Nikimshika atanitambua.

Wako,
Wifi

19 Agosti

Wifi mwenye gundi,

Kondakta alinikabidhi barua yako akiwa amenuna, nadhani alijaribu kuifungua njiani. Nashukuru. Mimi mzima wa mwili. Ofisi yetu imehamishiwa ghorofa ya nne, tumepewa feni inayozunguka pale tu bosi anapopita, na ukuta mzima ni ramani ya ziwa. Ni ramani ya zamani. Inaonyesha mtaa wenu ukiwa nchi kavu, na nikichoka kuandika huwa natembeza kidole kutoka stendi mpaka mlangoni kwenu bila kulowa.

Mwambie Kinanda kisigino asubiri miguu ikue.

Namwota kaka. Si ndoto mbaya. Amekaa sebuleni kwenu kwenye kile kiti chake, maji yamejaa mpaka darini, naye anasoma gazeti na gazeti halilowi. Ananiambia nivute kiti. Huwa naamka kabla sijakaa.

Kuhusu mwizi wako. Ule mburuzo ulikuwa na mstari mmoja wa katikati, na pembeni alama kama za vidole? Shimo liko upande unaopigwa jua la asubuhi? Nauliza tu, udadisi wa kazini. Na wifi, usianze kuutumia mchanga huo. Mchanga uliokaa karibu na maji unahitaji kupumzika kwanza ndiyo ushikane vizuri na saruji. Uache mpaka Novemba. Zungushia mabati, uyafunge kwa waya, na mtoto asisogee kabisa, mchanga wa lori huwa na vioo. Hata wewe usikae karibu. Nakusihi.

Umeuliza kama wameongezeka. Bado naandika ripoti.

Wako,
Wifi

2 Septemba

Wifi,

Salamu zangu zitangulie. Kinanda amepata mafua na sauti imemkauka, kwa hiyo nyumba ina utulivu ambao sijawahi kuuona, mpaka naogopa.

Nimekutii kama mke mpya. Mabati nimezungusha, waya nimefunga, mbwa wa jirani nimemfukuza, na hata yule kenge aliyekuwa ananyemelea mchanga nimemtimua kwa mawe mpaka akakata tamaa. Ila Fundi Haraka (yule mwashi tuliyempa jina hilo kwa sababu ukuta mmoja unamchukua msimu) nilipomweleza kwamba mchanga unapumzika alicheka mpaka akakaa chini. Anasema ameanza kujenga akiwa kijana mdogo na hajawahi kusikia mchanga uliochoka. Nikamwambia wifi yangu ana digrii. Akasema basi tumsubiri wifi, na kwa kuwa kusubiri ndiyo fani yake, hakukasirika.

Alama za vidole zilikuwepo. Sikuzijali wakati ule.

Mwaka umetimia. Hatukufanya kitu kikubwa. Nilikaa dukani na mlango umefungwa. Unajua watu wanavyoniuliza mpaka leo, alifuata nini kule? Najibu kila mara: alifuata mlango. Tulikwisha hama, tumetoa vitanda, tumetoa kabati, akasema mlango wa sebuleni ni mninga, hauachwi. Maji yalikuwa ya magotini. Alikuwa amesimama sebuleni kwake na bisibisi mkononi, anafungua bawaba. Mimi nilikuwa barabarani na mkokoteni, nikasikia maji yakipiga ukuta. Hakuita. Nilipofika mlangoni kulikuwa na mawimbi madogo tu yanagonga dirisha, na bawaba moja ilikuwa imeshafunguliwa.

Wewe unamwota. Mimi hanitokei. Nalala mapema makusudi, najilaza upande wake, wapi.

Halafu nikuulize. Siku tatu kabla ya tarehe yenyewe, ndege ndogo nyeupe ilipita chini chini juu ya ziwa asubuhi, ikazunguka, ikapita tena juu yetu. Kinanda alipunga mpaka mkono ukamuuma. Akasema, "Yule ni shangazi, anahesabu." Nikamwambia shangazi yako yuko ofisini, angekuja angetuambia. Si ndivyo?

Kuna mamba mmoja mkubwa haondoki pale chini karibu na mabati. Wenzake wanakwenda na kurudi, yeye hali, hasogei. Watu wanasema ameniwekea jicho. Mimi nampita mbali na nachukia hata kivuli chake.

Wifi yako

20 Septemba

Wifi yangu,

Natumaini mafua yamekwisha na kelele zimerudi. Huku ofisini mwenzetu mmoja ameoa, tumekula keki, feni ikazunguka siku nzima kwa heshima ya bwana harusi.

Nilikuwa ndani ya ndege ile. Nilimwona akipunga. Nilitaka kumwambia rubani atue, nikainamia daftari. Kutoka juu ziwa lenu ni zuri mno, wifi, na hilo ndilo lililonimaliza. Maji ni ya kijani, mitaa inaonekana chini yake yote, njia na njia, kama mji umelazwa na kufunikwa shuka. Niliona paa lenu. Mamba mmoja alikuwa amelala juu yake, na kazi yangu ilikuwa kuandika: mmoja.

Sikuwa na uso wa kukutazama. Wewe ungeniuliza kwa nini nalinda viumbe waliomla kaka yangu.

Mchanga uache. Huyo mkubwa usimkaribie. Nitakueleza yote nikimaliza ripoti.

Wifi

9 Oktoba

Wifi,

Leo salamu sina.

Jana Fundi Haraka alichoka kusubiri. Yule mkubwa alipozama, akafungua bati moja, akachoma beleshi ubavuni kwa mchanga, likatoka na ute. Nikaenda kuangalia. Mayai. Meupe, makubwa kuliko ya bata, yamepangwa kwa tabaka, na moja limepasuliwa na beleshi. Ndani alikuwepo mtoto, amejikunja, kucha zimeshatimia, tumbo limebeba kiini. Alitikisa mkia kidogo halafu akaacha.

Nilikaa palepale chini. Halafu barua zako zikaanza kunirudia kichwani moja moja. Mburuzo wenye mstari. Jua la asubuhi. Mchanga unapumzika! Zungushia mabati! Ulijua, wifi. Ulijua tangu barua ya kwanza. Mimi nimeulinda mchanga wa mume wangu miezi miwili, nimefukuza mbwa, nimefukuza kenge, nimefunika kwa turubai ubaki na joto, kumbe nawalelea wao. Hakuna mwanamke duniani aliyefanywa mjinga kiasi hiki na wifi yake. Na mwanangu anacheza hatua chache kutoka kwa mama yao!

Fundi alitaka kuyaponda yote. Nikamwambia afukie kwanza. Nataka nisikie kutoka kwako. Lakini usichelewe, maana beleshi liko mlangoni kwangu, na mawingu yameanza kujipanga kule ng'ambo.

15 Oktoba

Wifi yangu,

Kondakta nimemwomba asilale njiani.

Ndiyo, nilijua. Niliposoma kwamba mwizi amelisawazisha shimo nilicheka peke yangu kwa furaha, Mungu anisamehe, halafu nikakumbuka ni mchanga wa nani. Nilipaswa kukuambia siku hiyo hiyo, kwa ajili ya Kinanda kama si kwa ajili yako. Niliogopa. Ningekuambia ungeyavunja, na ungekuwa na haki.

Sasa nakuambia ninachokijua. Tumezunguka ziwa lote, kwa boti na kwa ndege. Wakubwa wapo, tena wengi ni wazee. Wadogo hakuna. Hatukumwona hata mmoja wa mwaka huu wala wa mwaka jana. Mamba hutaga kwenye mchanga mkavu, na fukwe zote walizotagia tangu zamani ziko chini ya maji. Mnawaona wengi kwa sababu wamefukuzwa makwao, wakaja kukaa kwenye ngazi zenu. Wakitoka hapo hawana pengine. Huyo mmoja alitafuta mchanga mkavu ziwa zima, akaupata mmoja.

Bosi anataka sentensi moja kutoka kwangu: wapunguzwe au waachwe. Wavuvi wanangoja, wenye bunduki wanangoja. Mara ya kwanza niliandika wauawe wote. Niliandika kwa kalamu ya wino, nikaisoma kwa sauti, na nilijisikia vizuri kwa muda wa kunywa chai. Halafu nikaichana. Nawachukia, wifi. Nawachukia na nimewasomea maisha yangu yote, na siku wakiisha ziwa lile litakuwa bwawa tu lililomeza mji na kaka yangu ndani yake.

Sikuombi kitu. Mchanga ni wako, nyumba ni ya mtoto. Ukiyaponda nitaandika kwamba kiota hakikuwepo, na sitakulaumu hata moyoni. Ukiyaacha, yamebakiza wiki mbili, pengine tatu. Yakifika wakati wake yataita yakiwa bado ndani ya mchanga, na mama yao atakuja kuyafukua. Kama kuna mabati hatapita, na wasipofukuliwa watafia humo humo. Siku hiyo ukae mbali, ufunge mlango.

Sasa ulilolitaka umelisikia.

Wifi yako, kama bado unaniita hivyo

24 Novemba

Wifi,

Ndiyo, bado nakuita. Pokea salamu, na za Kinanda, ambaye meno yameota na amerudi kuwa redio. Nimechelewa makusudi. Nilitaka nikuweke roho juu kidogo, nawe uonje. Halafu hasira ikaisha nikakosa pa kuanzia.

Barua yako niliisoma dukani, nikaikunja, nikashona sare mpaka jioni. Kila siku nilijiambia kesho. Nalichukua beleshi, yule mkubwa akizama nafika kwenye mabati, natia mkono chini ya turubai. Mchanga ulikuwa na joto kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Narudi. Mwenye chumba akanipa notisi. Fundi Haraka akawa anakuja asubuhi na kukaa juu ya tofali, na mvua ya kwanza ikapita ikielekea kwingine.

Ilikuwa Jumapili, jua limeshapanda, maji yametulia, mtaa wa chini unaonekana mpaka mlango wa posta. Kinanda akaja mbio. "Mama, mchanga unaita."

Nikatega sikio. Wifi, hukuniambia kwamba sauti yenyewe ni ile. Ni sauti ya kifaranga aliyefungiwa kabatini. Akiita mmoja anajibu wa pili, halafu wote kwa pamoja, chini kule gizani, wakinyamaza kidogo kusikiliza kama kuna anayekuja. Nilimsukuma mtoto ndani nikafunga duka. Nikachukua beleshi.

Alikuwa ameshatoka majini. Mimi nilidhani wanatambaa. Yeye alipanda lami akitembea, tumbo limeinuka juu, maji yanamchuruzika, anafuata mstari mweupe. Fundi Haraka alikuwa juu ya paa la duka kabla sijageuza shingo, sijui hata alipitia wapi. Mamba alifika kwenye mabati, akasukuma kwa pua, bati likalia, halikufunguka. Akazunguka. Akasukuma upande mwingine. Halafu akalaza kichwa chini mbele ya bati na kutulia, na kule ndani wakawa wanamwita.

Ningeweza. Nataka ujue hivyo. Shingo alikuwa ameilaza chini, alikuwa amekonda kwa kutokula, na nyuma ya bati ningemfikia kwa ncha ya beleshi nikiwa salama. Fundi kule juu alikuwa ananihimiza kwa mikono. Nilimtazama usoni. Nilitaka nione kitu, wifi, hatia, au njaa, au hata dharau, nipate pa kupigia. Hakikuwepo. Alikuwa mama ana haraka na mlango umefungwa.

Mimi nilisimama kwenye mlango vilevile mwaka jana, naita, na hakuna aliyenijibu. Wale walikuwa wanajibiwa.

Nilikata waya kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi umeharibika, utaninunulia mwingine. Nikalivuta bati na turubai upande wangu, nikarudi nyuma mpaka ukuta wa duka, nikampisha. Hakunitazama hata mara moja. Alifukua polepole, anachota mchanga kwa mikono ya mbele, na wao wakatoka wakipiga kelele, wadogo wa kutosha kiganjani. Akawapakia mdomoni. Mdomo ule ule, wifi, au wa ndugu yake. Niliwaona wamekaa katikati ya yale meno, wanachungulia nje, hawana wasiwasi wowote. Akawapeleka majini, akarudi kuchukua wengine, akaenda tena. Jua lilikuwa kichwani alipomaliza. Mtaa wote wa Posta ulikuwa na viduara vidogo juu ya maji, kama mvua inaanza.

Waandikie. Waambie kiota kilikuwepo, na kilikuwa kwenye mchanga wa nani. Sentensi ya bosi uimalize mwenyewe, mimi sitakuchagulia. Jumatatu yake Fundi alianza kuchanganya saruji, na leo ukuta wa chumba cha Kinanda umefika dirishani.

Sijasamehe mtu, usije ukasema nimesamehe. Lakini siku ile baada ya maji kutulia nilikaa kwenye lile shimo tupu, mchanga bado una joto, nikamlilia kaka yako. Sikuwahi kumlilia, unajua? Nilikuwa na mtoto, na sare, na mchanga wa kulinda. Nililia kwa sauti mtaa mzima ukasikia, na Fundi alishuka kwenye paa akakaa karibu. Nililia mpaka kilio kikaisha chenyewe. Kisha nikafungua duka, mtoto alikuwa na njaa, nikawasha jiko.

Wako,
Wifi